Konokono Aliyemezwa Gumbo

Sijawahi kuiona bahari. Naanza na hilo mwenyewe, kwa sababu kila aliyetaka kunishinda kwa maneno katika habari hii alianza nalo. Askari wa mpakani alianza nalo. Mkuu wa maabara alianza nalo. Bwana mmoja wa jumba la makumbusho huko Ulaya alianza nalo pia, kwa barua yenye adabu nyingi, kwenye karatasi nene. Basi tulimalize: sijaiona. Na konokono wa bahari hiyohiyo, aliyeishi kwenye vina visivyofikiwa na mwanga wa jua, nilimwandika mimi na kumpa jina mimi, nikiwa Juba, na maji makubwa kuliko yote niliyopata kuvuka ni mto.

Kwa watu wa kazi ile, kumwandika kiumbe si kumtungia hadithi. Unakaa naye chini ya hadubini, unapima gamba lake urefu na upana, unahesabu mizunguko yake, unachora, unaeleza anatofautianaje na ndugu zake wote waliokwisha kuandikwa. Kisha unampa jina na maelezo yanachapishwa. Anayechapisha kwanza ndiye aliyempa jina, na wa pili hata angekuwa ameanza mapema hana lake. Tena ni lazima uchague gamba moja tu liwe kielelezo. Hilo huhifadhiwa, ili hata miaka mia ikipita, mtu akibisha, aambiwe aende akalitazame kwa macho yake.

Haya nilijifunza Kampala. Wazazi wangu walinivusha mpaka nikiwa mtoto mdogo, vita vilipoanza, na huko ndiko nilikosoma na kupata kazi ya msaidizi wa maabara katika chuo. Mwalimu wangu alikuwa Mzungu mzee aliyependa konokono kuliko watu, na sisemi hivyo kwa kumteta. Mambo ya Uganda yalipochafuka alifungasha kwa siku moja, sanduku moja tu, na asubuhi ya kuondoka akanikabidhi kopo la kahawa lililojaa tope kavu. Meli ya utafiti ilikuwa imelikwangua chini ya bahari, mbali na pwani yetu ya mashariki, kina cha zaidi ya mita mia saba. Ubavuni mwa kopo alibandika karatasi yenye mahali na kina.

"Mimi sitaimaliza," aliniambia. "Lakini ukiipoteza hii karatasi, umebaki na tope."

Nililibeba kopo lile mapajani hadi Nimule, mpakani, sisi wakimbizi tuliporudi nyumbani baada ya amani. Askari wa mpakani alilifungua, akanusa, akanitazama.

"Hii nini?"

"Tope."

"Tope ya wapi?"

"Ya chini ya bahari."

"Wewe nafika bahari?"

"Sijafika."

Akawageukia wenzake. "Nyinyi watu ya Uganda! Wengine iko naleta baisikeli, wengine naleta blanketi. Huyu naleta tope. Hapa Sudan tope mafi, hakuna?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilinyoosha mkono nikalichukua kopo langu, nikafunga kifuniko, nikamwuliza kama amemaliza. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano na hasira za watu watatu.

Juba tuliandikishwa kwenye meza chini ya hema. Karani aliuliza ndugu zangu waliobaki nyumbani wakati wa vita ni nani. Nikamtajia bibi yangu mzaa mama. Akafuata kwa kidole orodha ya zamani iliyopigwa taipu, akaisoma bila kuinua kichwa: "Huyu amepotea." Neno hilo lilikuwa limeandikwa mbele ya jina lake, pamoja na majina mengine ukurasa mzima. Nilisimama pale nikalia mbele za watu, na silii ovyo.

Siku ya tatu nilimkuta bibi katika kitongoji cha Gumbo, ng'ambo ya mto, anapepeta simsim, yaani ufuta, mlangoni pake. Huyo ndiye nitakayemwita haboba, kama watu wa Juba wanavyomwita bibi. Kiswahili chake alikiokota kwa wachuuzi wa njia ya Nimule kabla ya vita, nacho alikitumia kama alivyotumia panga, bila kujali kinakata nini. Nilipomweleza habari za orodha alitema mate pembeni.

"Mimi ipotee? Mimi iko hapa tu. Naficha majani wakati ya bunduki, narudi, nalima, naficha tena. Wao ndio hapana kuja kutafuta."

Nikahamia kwake. Kazi nilipata kwenye zahanati moja upande wa mjini. Kila asubuhi nilivuka daraja, nikapima mkojo na choo cha watu hadi saa nane mchana, saa ya kufunga kazi. Baada ya hapo hadubini ilikuwa haina mtu. Ilikuwa ya kioo cha kurudisha mwanga, haihitaji umeme, na umeme wenyewe ulikuwa unakuja unapojisikia. Niliisogeza dirishani, nikamwaga kijiko cha tope kwenye kisahani, nikapekua punje baada ya punje kwa brashi niliyoilowesha kwa ulimi na kuipunguza hadi zikabaki nywele tatu. Nilifanya hivyo hadi jua liliposhuka nyuma ya mlima wa Jebel na dirisha likafa. Bandu bandu huisha gogo. Msimu mmoja na nusu wa mvua ulipita hivyo.

Ndipo nikamwona. Nusu ya punje ya simsim, mweupe kama ukucha wa mtoto, mizunguko mitatu na kidogo, na juu ya kila mzunguko matuta mawili membamba yaliyokwenda sambamba. Chini alikuwa na kitovu kipana, yaani kile kishimo cha katikati ya gamba, chenye meno madogo ukingoni. Nilikuwa na daftari la mwalimu lenye ndugu zake wote. Hakuna aliyekuwa na meno kitovuni. Nilisimama nikatembea ukumbini, nikarudi nikatazama tena, meno yapo. Furaha niliyoipata sina namna ya kuieleza, ila nilicheka peke yangu kwenye chumba kinachonuka mkojo.

Mkuu wa maabara alinikuta nacheka. Alikuwa mtu wa kwetu, mwenye bidii, aliyechoka. "Watu hapa wanakojoa damu," alisema, "na wewe unatazama konokono wa bahari. Bahari yenyewe umeiona?"

Lilikuwa neno zito, sikatai. Nilimjibu kwamba wanaokojoa damu nimewapima wote, daftari lile pale, asome. Kutoka saa nane ni muda wangu. Wengine wanacheza karata.

"Hadubini tumia," alisema akilifunua daftari. "Lakini hiyo takataka isilale hapa. Kila siku unaondoka nayo."

Nikawa naondoka nayo. Magamba yale madogo yanataka chombo cha kufunga, na sikuwa na chombo. Ila zahanati ilitupa vidonge vya kapsuli vilivyoharibiwa na unyevu, vile vya rangi mbili, nyekundu na njano. Nilivifungua, nikamwaga unga, nikafuta ndani kwa pamba, nikatia gamba moja moja. Katika vyote, konokono wa kitovu chenye meno alikuwa mmoja tu. Kapsuli yake niliizungushia mstari wa wino mweusi, ili nisije nikakosea. Zote nikazitia kwenye chupa ya dawa.

Nilimwandikia yule bwana wa makumbusho, nikimwomba anithibitishie tu kwamba hakuna aliyekwisha kumwandika konokono wa namna ile. Nilimpelekea mchoro wa upande wa mbele. Jibu lilichukua miezi mitatu. Alisema ni mpya, hana shaka. Alisema anastaajabu kupokea kitu kama hicho kutoka mahali palipo mbali hivyo na bahari. Kisha akasema mwenzake anachambua sehemu nyingine ya tope la meli ileile, na huenda akampata kabla sijamaliza. Ingefaa zaidi nimtumie kila kitu, kopo zima, wao wamwandike, na mimi nitashukuriwa mwishoni.

Asiyekuwepo na lake halipo. Ndivyo nilivyoielewa barua ile, nikapandwa na mori. Nilikuwa nimeshukuriwa maisha yangu yote. Kampala nilishukuriwa kwa kuosha vyombo vya watu walioandika majina yao. Uganda niliitwa mkimbizi, Juba naitwa mtu wa Uganda, na hata mara moja hakuna aliyeniuliza mimi nataka kuitwaje, wala nataka kuita nini. Sasa kulikuwa na kitu kimoja duniani, nusu ya punje ya simsim, ambacho jina lake lilikuwa mkononi mwangu. Nilijibu kwa mstari mmoja kwamba sitatuma, namwandika mwenyewe. Barua nikaitia posta siku hiyohiyo nisije nikapata akili.

Yalibaki mambo mawili: kupima ncha ya juu ya gamba, na kuchora kitovu. Bila hayo hakuna maandishi. Na hapo ndipo haboba aliposhikwa na kifua.

Nilimletea dawa ya kweli kutoka zahanati, siku mbili akameza, akapata nafuu, ikaisha. Siku ya tatu nilirudi jioni, nikaweka chupa yangu dirishani kama kawaida, nikaenda kuteka maji. Niliporudi alikuwa amekaa kitandani na kikombe cha chai, uso umechangamka.

"Dawa yako mzuri sana, binti. Kifua nafunguka."

"Dawa gani, haboba?"

Akaniashiria dirishani. "Wewe naleta kutoka kazi kila siku, mimi nafikiri wewe naogopa kunipa. Mimi namaliza ile ya kwanza, sasa naanza hii."

"Umemeza ngapi?"

"Moja tu. Ile ya alama. Nani hapana jua, ya alama ndio ya kwanza?"

Niliimwaga chupa kwenye kanga. Nilihesabu mara tatu, kama kwamba kuhesabu kungemrudisha. Mstari mweusi haukuwepo. Gamba ni chokaa, na tumbo la binadamu ni asidi. Kazi yangu ilikuwa kujua mambo kama hayo. Nilikaa chini sakafuni. Mchoro wa mbele ninao, wa kitovu sina, kielelezo sina, na mtu wa Ulaya ana tope lake kwenye meza yenye umeme.

"Haboba," nikasema, "umemeza konokono."

Alikitazama kikombe chake. "Konokono ya wapi?"

"Ya bahari. Ya chini kabisa. Alikuwa mmoja tu. Nilikuwa nataka kumpa jina." Na hapo ndipo nilipomweleza yote, kwa mara ya kwanza, kwa sababu wakati wote alidhani naleta kazi ya hospitali nyumbani. Nilimweleza habari za kopo, za barua ya kawaja, yaani yule Mzungu wa makumbusho, za mwenzake anayekimbizana nami. Nilimwambia basi, nimeshindwa, kesho nampelekea kopo lililobaki na yaishe.

Sikutegemea kufokewa. Lakini alinijia juu kana kwamba mimi ndiye niliyemeza kitu cha mtu.

"Wewe nabeba hii tope kutoka Kampala, askari nakucheka, mkubwa yako nakufukuza, leo kwa sababu ya mzee moja na kifua yake nataka kupa kawaja? Tope iko ngapi?"

"Robo ya kopo."

"Na wewe natafuta namna gani?"

Nikamwonyesha brashi ya nywele tatu. Aliitazama, akanitazama, na huruma iliyokuwa usoni mwake sikuipenda hata kidogo.

"Moja moja?"

"Moja moja."

"Mtoto yangu nasoma mpaka Kampala," alisema kwa sauti ya kuuambia ukuta, "na simsim hapana jua kuosha."

Mtu yeyote aliyekulia kwetu anaijua kazi ile. Mimi nilikulia mjini, kwa watu, nikala simsim ya kununua. Simsim ikipurwa chini hujaa mchanga, na hakuna mwanamke anayekaa kutoa mchanga punje kwa punje. Huanikwa ikakauka kabisa, kisha humwagwa kwenye kibuyu cha maji na kuzungushwa. Mchanga huenda chini, simsim huelea, na mkono hujua wakati wa kumimina.

"Hiyo konokono, ndani iko tupu?"

"Tupu."

"Basi itaelea."

Nilibisha. Nilimwambia ni robo ya mwisho, ikiharibika hakuna nyingine. Aliniuliza kama nina njia bora, nikaenda kuleta sinia. Siku mbili tope lilianikwa kwenye sinia, na haboba alikaa kando yake na fimbo, akifukuza kuku, na kuwafukuza majirani waliokuja kuuliza anaanika nini. Siku ya tatu, asubuhi ya Jumapili, upepo umelala, alimwaga tope kidogo kidogo kwenye nusu ya kibuyu. Nilitaka kukoroga.

"Hapana koroga. Zungusha."

Alizungusha. Mkono wake ulikuwa na makovu ya miaka ya porini, na ulikwenda polepole kuliko nilivyowahi kuuona ukienda. Tope likazama. Juu ya maji pakabaki utando mweupe, mwembamba, kama ule wa uji unaopoa. Aliinamisha kibuyu, akaumimina utando juu ya kitambaa nilichokitandaza, na tope lote likabaki ndani, halikuinuka hata chembe. Tulifanya hivyo mara saba. Nilikiinamia kitambaa na lenzi ya mkononi: vyote vilikuwa magamba. Kazi ya miezi minne ilikuwa imekwisha kabla ya kengele ya kanisa.

Jumatatu saa nane nilikuwa dirishani. Jua lilipokaribia Jebel nilikuwa na konokono wawili wenye meno kitovuni. Mmoja alivunjika mdomo. Wa pili alikuwa mzima, mzima kuliko yule aliyemezwa, na niliogopa hata kupumua karibu naye. Safari hii nilimtia kwenye kichupa cha kioo, nikakivaa shingoni kwa uzi, nikavuka nacho daraja nimekikamata mkononi.

Niliandika kwa wiki tano. Mkuu wa maabara alisoma kurasa zile zilizopigwa taipu, akauliza kwa sauti ya chini kama jina la zahanati litakuwemo. Ningeweza kumjibu jambo. Lakini hadubini ilikuwa ya zahanati, nikaliweka. Jina la konokono nililiweka *haboba*. Maandishi yakaenda na mfuko wa posta, na kichupa kikaenda kwa mkono wa mtu niliyemwamini, hadi kwenye makumbusho niliyoyachagua mimi, ambayo hayakuwa ya yule bwana.

Mhariri wa jarida alirudisha kurasa zikiwa na masahihisho machache. Jina halikumsumbua. Kilichomsumbua ni sentensi moja ambapo nilieleza kilikokwenda kielelezo cha kwanza, kile nilichokichora upande wa mbele. Aliifuta kwa wino, akaandika juu yake neno moja: "Kimepotea." Pembeni akaeleza kwamba ndivyo inavyoandikwa siku zote.

Nililitazama neno lile kwa muda. Nililiona tena kwenye meza chini ya hema, limepigwa taipu mbele ya jina la mtu aliyekuwa ng'ambo ya mto anapepeta simsim. Nikachukua kalamu, nikalikata. Nilimwandikia kwamba maneno mengine yote ayabadilishe apendavyo, hata jina langu akitaka alifupishe. Lakini hiki hakikupotea. Najua kilipo, najua siku na najua mkono uliokichukua. Akikataa, anirudishie maandishi yote.

Nilingoja miezi, na katika miezi hiyo sikulala vizuri. Kama mwenzake yule bwana angechapisha kwanza, ningekuwa nimempoteza konokono kwa ajili ya sentensi. Nilimweleza haboba. Aliuliza tu kama bado nimekasirika. Nikasema ndiyo. "Mzuri," akasema.

Jarida lilifika katika bahasha iliyolowa mvua. Juu ya ukurasa kulikuwa na jina la konokono, chini yake jina langu, na chini yake neno Juba. Baadaye nilisikia kwamba mwenzake yule bwana alikuwa amempata konokono huyohuyo, watatu tena, na alikuwa anaandika ukurasa wa mwisho. Nilimwonea huruma kidogo, isiyozidi kijiko.

Nilivuka daraja mbio. Haboba hakujua kusoma, akaniambia nimwonyeshe yeye yuko wapi. Nilikiweka kidole chake juu ya jina. Kisha nikakisogeza chini, ukurasa wa tatu, kwenye maandishi madogo kabisa, nikamsomea kwa Kiswahili: kielelezo cha kwanza kilimezwa na bibi wa mwandishi, huko Gumbo, ukingo wa mashariki wa mto, kwa kudhaniwa dawa.

Alinifanya nisome mara tatu. Kidole hakukiondoa.

"Hapana andika nimepotea?"

"Hapana, haboba. Wameandika uko Gumbo."